Pua ya Askari Mbuvi

Nguo za mtoto mchanga zilikuwa zimetandazwa juu ya chetezo, moshi ukizipenya, pale askari Mbuvi alipousukuma mlango wa Shufaa hapo mjini Kitui.

"Mama, bangi! Harufu imenikamata tangu barabarani!"

"Bangi, mwanangu? Huu ni udi na ubani. Binti yangu Esha yumo katika arobaini yake, mzazi hufukizwa."

Mbuvi, mzaliwa wa vilima vya Mbooni, hakuwahi kuingia nyumba ya Kiislamu yenye mzazi. Alipekua magodoro na vyungu, asipate hata jani. Hata hivyo akampeleka Shufaa mahabusu, akiapa kwamba pua yake haijapata kumdanganya.

Shufaa hakujililia nafsi yake. Akifungwa, nani atamkanda Esha, ambaye hata kuketi ni taabu?

Siku ya kesi alisimama wima mbele ya Mzee Muthama, hakimu wa baraza.

"Mzee, mbele yako hakuna jani wala mbegu, ipo pua tu. Basi pua hiyo na iulizwe."

Hakimu akaridhia. Uani karani akawasha vyetezo viwili: kimoja kwa udi na ubani wa Shufaa, cha pili kwa bangi iliyonaswa katika kesi nyingine. Mbuvi, macho yamefungwa kitambaa, akainamishwa juu ya cha kwanza.

"Hii ndiyo bangi! Ndiyo iliyotoka nyumbani kwake!"

"Na hiki?" hakimu akauliza.

Akavuta moshi wa bangi, akasita. "Hiki ni majani makavu tu, mzee. Labda mtu anasafisha shamba."

Alipofunguliwa macho, uani pote paliangua kicheko. Nzilani, muuza mboga, akapaza sauti: "Jamani, kesho nitafungwa mimi kwa kuchoma maganda ya kunde!"

Mzee Muthama akainua mkono. "Mbuvi, pua ilikupa sababu ya kubisha hodi. Ulipotafuta ukakosa, ungemwomba radhi ukaenda zako. Mama huyu yu huru."

Vigelegele vikapaa. Shufaa akamshukuru Mola.

"Nisamehe, mama," Mbuvi akanong'ona.

"Nimekwisha kusamehe. Ila maji ya kumkanda Esha yataka kuni, nawe ndiwe uliyenichelewesha."

Wakapita katikati ya soko, Shufaa mbele, kichwa juu, akiitikia salamu kulia na kushoto. Askari nyuma yake, kofia kwapani, mzigo wa kuni begani.