Chai Makwasinyi, Chakula Njukini

Fanuel Mwakio hakuwa na gia ya kurudi nyuma. Hakuwa na kioo cha mbele, wala honi, wala stata. Gari lake liliwashwa kwa handeli. Hakuwa na tairi la akiba, ila viraka na gundi. Hakuwa na saa, na ile iliyokuwa mkononi mwake aliazima kwa Mwalimu Noah aliyemfundisha kusoma na kuandika katika shule ya usiku pale Voi. Hakuwa na mwenzake wa safari, kwa sababu wakili aliandika kwamba lazima aende peke yake, kama Munyao, shemeji yake, anavyodaiwa kwenda peke yake. Na hakuwa na siku ya pili. Barua yake kwa wakili isipoondoka na posta ya jioni hiyo, rufani ya Munyao ingesikilizwa bila hiyo.

Maneno ndiyo hayakuwahi kumpungukia.

Gari lenyewe alilitengeneza kwa mkono wake, miaka mitatu, kutoka mabaki ya gari dogo la vita aliyoyakuta yametupwa Maktau. Alilifungia springi za lori, magurudumu mapana ya trela la mkonge, na rejeta ya trekta iliyokaa mbele kama ngao. Watu wa Voi waliliita Mbele Tu. Siku moja ya soko, Januari 1956, alipanda juu ya boneti akatangaza, "Na hili gari, nakunywa chai Makwasinyi saa moja asubuhi, na kabla kengele ya saa sita haijalia niko Njukini nakula!" Watu walipiga makofi. Maneno yakapendeza, yakarudiwa hata na wanawake wa Mbololo walioshuka kuuza ndizi.

Mwezi uliofuata Munyao, mume wa dada yake Wakio, aliazima gari kwenda kununua ngozi Makwasinyi. Mzee wa mtaa alimwona akiondoka huko saa moja asubuhi. Siku hiyo hiyo, kengele ya kanisa ya Njukini ikilia saa sita, mtu alimpiga mwenye duka kwa rungu, akapora alichoweza, akakimbia na gari dogo lisilo na kioo. Munyao alieleza kwamba springi ilimkatikia porini karibu na Buguta, akashinda huko akiifunga kwa kamba mpaka jua likashuka. Hakuna aliyemwona.

Mahakamani Fanuel aliulizwa maswali mawili. La kwanza, kama alisema maneno yale sokoni. Akajibu kwamba aliyasema. La pili, kama ni kweli. Aligeuka akaona nusu ya Voi imekaa kwenye mabenchi nyuma yake, wanamtazama.

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema.

Munyao akapewa miaka saba.

Wakio hakulia mbele yake. Alimfuata hadi karakana, akasimama mlangoni na mtoto mgongoni. "Kaka, mdomo wako ndio uliomfunga mume wangu. Basi nenda na huo mdomo ukamfungue."

Wakili wa Mombasa aliandika kwa ufupi. Endesha kwa nguvu zako zote. Ukifika kabla ya saa sita, usiniandikie, hakuna la kufanya. Ukichelewa, hata robo saa, niandikie, na watu wa Makwasinyi na wa Njukini watie sahihi. Usinidanganye, maana serikali inaweza kutuma dereva wake.

Siku ya kujaribu ilipofika, Mzee Danson, yule mzee wa mtaa wa Makwasinyi, alikuwa amevaa koti kwa ajili ya kazi hiyo. Aliweka daftari juu ya boneti, akaangalia saa ya Mwalimu Noah mara mbili.

"Umekunywa chai?"

"Sitaki chai, Mzee."

"Utakunywa. Si ulisema chai Makwasinyi? Kama tunapima maneno yako, tutayapima yote."

Wake zake wakacheka nyuma ya ua. Fanuel akameza kikombe kizima, kikamchoma ulimi, na saa moja kamili mzee akatia sahihi. "Haya, nenda. Na ukifika kabla ya saa sita," alisema akishika ukingo wa mlango, "usirudi kupitia hapa. Munyao alikuwa mtu wetu."

Fanuel alikanyaga mafuta hadi mwisho.

Alitegemea mchanga wa Buguta ungemchelewesha. Haukumchelewesha. Magurudumu ya trela yalielea juu yake. Alitegemea makorongo, lakini mvua ya mwezi uliopita ilikuwa imeyajaza udongo, akayaruka moja baada ya jingine huku debe la maji likigonga mgongo wa kiti. Jambo lililomtisha asubuhi ile ni kwamba gari lilikwenda vizuri kuliko siku yoyote. Saa tatu kasoro dakika kumi alivuka reli Mwatate. Saa nne kasorobo alikuwa Maktau.

Hapo alisimama kutia maji katika rejeta. Akatoa daftari, akapiga hesabu kama alivyofundishwa, maili kwa saa. Akapiga tena. Kwa mwendo ule angefika Njukini saa sita kasoro dakika ishirini.

Moyo wake uliruka kwa furaha.

Ilikuwa furaha ile ile ya siku ya soko, na ilikuja kabla hajamkumbuka Munyao. Fanuel alikaa chini kando ya gurudumu. Akamwona Munyao akirudisha gari, kama kawaida yake, likiwa limeoshwa hata matope ya magurudumuni. "Shemeji, nimekuletea bibi harusi wako," alizoea kusema. Mtu huyo sasa alikuwa anavunja mawe gerezani.

Palikuwa na mgunga wenye kivuli kizuri hatua ishirini kutoka barabarani. Angelala chini yake saa moja na nusu, nani angejua? Alitazama mbele na nyuma. Hapakuwa na mtu, wala vumbi la gari. Alisimama, akaenda hadi chini ya mti ule, akavua kofia.

Halafu akamfikiria dereva wa serikali, na gari jipya lenye gia zote, anayepita hapo wiki ijayo bila kulala. Siku hiyo Munyao asingekuwa na rufani tena, wala Wakio asingekuwa na ndugu. Alirudi mbio, akaandika: *Maktau, nimesimama dakika kumi.* Akazungusha handeli, akaondoka kwa nguvu kuliko alivyokuja.

Baada ya Mbuyuni aliiacha barabara ya Taveta, iliyozunguka mno kumfikisha mtu kabla ya saa sita, akakata kaskazini. Njia ikawa uchochoro kati ya kuta mbili za miiba. Alikata kona, akakanyaga breki.

Tembo walikuwa wamejaa njiani. Alihesabu kumi na mmoja. Jike kubwa lililokuwa karibu lilikuwa na ndama, na lilishageuka kumtazama. Kushoto miiba, kulia miiba, na gari halikuweza kurudi nyuma hata hatua moja. Injini ilikuwa ikinguruma, na kila iliponguruma jike lilipanua masikio. Akaizima.

Kimya kile kilikuwa kibaya zaidi. Rejeta ilianza kupiga mluzi wa mvuke. Jike likaja. Lilifika mahali ambapo Fanuel aliona unyevu kwenye kope zake, likapeleka mkonga juu ya boneti, likapuliza, na vumbi la boneti likamwingia machoni. Hakuyafumba. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani na aliogopa kuiondoa. Mkonga ukagusa rejeta, ukaungua, ukajikunja kwa kasi. Jike likapiga hatua moja mbele, na chuma cha bampa kikalia. Gari likasukumwa nyuma shubiri mbili. Ndiyo mara ya kwanza gari lile kwenda kinyumenyume tangu alitengeneze.

Ndama alilia kutoka mbele. Jike likageuka.

Wote walipita bila haraka. Alishuka akashika handeli, lakini kwanza akatoa daftari. Aliandika: *Tembo, dakika thelathini na tano.* Robo saa baadaye mwiba ukatoboa tairi la nyuma. *Pancha, dakika ishirini.* Hizo zilikuwa ajali, naye aliamua kwamba ajali zote zitatolewa kwenye muda wake, pamoja na zile dakika kumi za Maktau. Jumla ilikuwa saa moja na dakika tano. Kwa hiyo kama angefika Njukini kabla ya saa saba na dakika tano, basi alisema kweli sokoni, na Munyao angebaki na miaka yake saba.

Kisha akaingia kwenye mawe meusi. Hayo hayakuwa ajali, ndiyo njia yenyewe. Gari lilipanda jiwe, likashuka, likapanda jingine, kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo. Hapo ndipo alipolazimika kukubali jambo alilolijua siku zote. Hakuwahi kupita hapo. Alikuwa amewahi kwenda Makwasinyi hadi Maktau, na siku nyingine Taveta hadi Njukini kwa barabara, akachukua mwendo wake mzuri kuliko yote akaujumlisha kichwani. Akapanda juu ya boneti akatangaza hesabu.

Saa sita ilimkuta humo kwenye mawe. Alikuwa akisukuma gari kwa mafuta na kwa matusi.

Saa saba kamili alitokea ukingo wa mto Lumi. Ng'ambo, juu ya migomba, bati la kanisa la Njukini liling'aa. Dakika tano. Kutoka pale hadi dukani zingetosha, kama kivuko kingekuwa kigumu chini.

Fanuel alishusha gia akaingia mtoni kwa kasi.

Magurudumu ya mbele yalipanda ng'ambo. Ya nyuma yakazama. Yakazunguka, yakarusha tope, yakazama zaidi. Mtu mwenye gia ya kurudi nyuma angejitoa na kujaribu tena. Yeye aliruka ndani ya maji, akafungua kamba za mkonge zilizokuwa chini ya kiti, akaanza kuzizungusha kwenye magurudumu. Alifanya haraka kama mtu ambaye nyumba yake inaungua, na wakati huo huo alikuwa akiomba kamba zikatike. Saa ilikuwa imefungwa juu ya mkono, akaiona kila alipokaza fundo. Saba na dakika tatu. Ya kwanza imeshika. Saba na dakika tano. Vidole vilikuwa vikitoka damu. Hakupunguza. Saba na dakika tisa akazungusha handeli, injini ikakataa, akazungusha tena. Saba na kumi na mbili gari lilitoka.

Alifika mbele ya duka saa saba na dakika ishirini.

Mwenye duka, Thadeus, alitoka na kitambaa begani. Kovu lilipita kutoka kwenye nyusi hadi katikati ya kichwa, mahali nywele hazikuota tena. Watu wa soko walianza kusogea.

"Wewe ndiye yule wa chai Makwasinyi?"

"Ndimi."

"Kengele imelia zamani, bwana. Tumekula, tumeosha na sahani."

Watu walicheka. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti kama amwekee ukoko. Fanuel alingoja wanyamaze. Matope yalikuwa yakimtiririka kutoka kifuani.

"Nilisema uongo," alisema. "Kule Voi, na mbele ya hakimu. Gari hili haliwezi. Naomba uandike saa niliyofika."

Kicheko kilikatika. Thadeus alilipokea daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akifuata mistari kwa kidole.

"Hizi za tembo na pancha unazitoa za nini?"

"Ni ajali. Huenda mwingine asingezipata. Nikizitoa nimefika saa sita na robo."

"Robo saa tu!" Thadeus alishusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Aliyenipiga sikumwona uso, niliona gari tu, na niliwaambia hivyo hivyo. Sitaki mtu alale ndani kwa kichwa changu kama siye. Andika saa saba na ishirini, uache hapo. Hao tembo nani aliwaona?"

"Mimi niliwaona."

Mzee alitikisa kichwa, akaomba kalamu. Aliandika saa zote mbili, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akamwita mwalimu wa kanisa naye atie sahihi. Kisha akaingia ndani akatoka na sahani ya viazi na maharagwe. Fanuel alikataa, kwa sababu mfuko wa posta ungefungwa Taveta saa kumi.

Aliandika barua kwenye kaunta ya posta ya Taveta, amesimama, vidole vyenye majeraha ya kamba vikishika kalamu kwa shida hivi kwamba mwandiko wake, ambao Mwalimu Noah aliusifu mbele ya darasa zima, ulionekana wa mtoto. Aliandika saa ya kuondoka na ya kufika, na dakika alizozitoa, na sababu zake. Chini yake akaandika:

*Bwana Wakili, niliapa mahakamani kwamba maneno yangu ni kweli, na hayakuwa kweli. Nilikuwa sijawahi kuipita njia hiyo hata mara moja. Nilisema hivyo kwa sababu watu wa Voi walikuwa wananitazama. Kama kuna adhabu ya kuapa uongo, niko Voi, karakana ya nyuma ya soko, sitakimbia. Munyao asingeweza kufika Njukini saa sita. Mimi mwenye gari nimejaribu kwa nguvu zangu zote na nimeshindwa.*

Alisoma mara mbili. Neno *nimeshindwa* aliliandika upya, lisomeke vizuri. Akakunja karatasi pamoja na kurasa za daftari, akazitia ndani ya bahasha, akapeleka ukingo wa gundi kwenye ulimi. Ulimi ulikuwa mkavu, bado una lengelenge la chai ya asubuhi, na vumbi la njia yote lilikuwa limegandamana juu yake. Karani, ambaye mkono wake ulikuwa tayari kwenye kamba ya mfuko, alimsogezea kikombe cha maji. Fanuel alichovya kidole, akalowesha gundi, akabana bahasha juu ya kaunta kwa viganja vyote viwili mpaka ikashika, akamkabidhi.

Karani aligonga muhuri, akaitupa ndani ya mfuko, akakaza kamba.