Machubwi ya Mzee Jecha

Mwaka wa tatu huu nachimba shamba la Mzee Jecha hapa Msuka, na mgongo wangu umeshazeeka kunipita mimi mwenyewe. Wazee wanasema zamani palipiganwa hapa vita vya magobori. Mimi, mwanaakiolojia mzima, nimewaamini. Lakini ofisi ya mambo ya kale haitaki hadithi, inataka risasi iliyolala udongoni pale ilipoangukia. Isipopatikana mpaka Alhamisi, kibali changu kinakwisha, na Jumamosi wanaingia wachimba kifusi cha barabara. Mihogo ya mzee, mikarafuu yake mitano, na mifupa ya waliokufa kama imo, vyote vitapakiwa kwenye malori.

Leo ndiyo Alhamisi.

Jana nilimkuta Mzee Jecha anashona wavu wake. Kwenye kamba ya chini ametunga machubwi ya kuuzamisha, madogo, ya mviringo kama kunazi, sawasawa na risasi za gobori. Nikamwuliza kayatoa wapi.

"Si hapa hapa shambani! Tangu babu yangu twayaokota tukilima, twayatoboa. Msuka nzima yavulia haya."

"Mzee wangu, miaka mitatu nakuuliza kama mmewahi kuona vitu vya vita!"

"Uliniuliza mapanga na mizinga, mwanangu. Machubwi hukuniuliza."

Nilikaa chini palepale nikacheka, kisha nikataka kulia. Vita vyote vimeshahamia baharini. Nikamweleza kwamba ya kwenye nyavu hayanifai, hakuna wa kuthibitisha yalikotoka. Nataka risasi moja tu iliyobaki ardhini. Alinisikiliza kwa makini mno, nami kwa uchovu sikujiuliza kwa nini.

Leo saa nne asubuhi Msellem, anayenichekechea udongo, akapiga takbiri.

"Bi Samiha! Ipo! Risasi ipo!"

Nikatoka shimoni magoti yakinilia. Mzee Jecha alikuwa amesimama ukingoni, mikono nyuma, wala hakuuliza kimepatikana nini. Niliifuta ile risasi kwa kidole gumba. Katikati ilikuwa na tundu, na ndani ya tundu kipande cha uzi wa wavu.

Msellem aliuona. Akaniinamia, akasema taratibu, "Uzi watoka, Bi. Na tundu twaliziba kwa udongo."

Si mtu mbaya Msellem, amechoka tu kama mimi. Na wallahi nilifikiri. Nilifikiri mpaka nikajionea haya. Shamba lingepona, na mimi ningelala usingizi wa miaka mitatu.

Kisha nikamrudishia mzee chubwi lake mkononi. Kwenye fomu nikaandika: hakikupatikana kitu.

Mzee Jecha aliligeuzageuza kiganjani, akaitazama mihogo yake. Hakukasirika. Afadhali angenitukana.

"Tungalijua," akasema, "tungalikuwachieni moja."