Msaada wa Marehemu Luhaga

Saa tisa alasiri Teodora alifunua televisheni yake ya inchi kumi na nne, akaifuta kioo kwa upindo wa kanga, akachomeka mashine ya gemu ya magari iliyotoka Dubai. Mwaka ule wa tisini na nane kila mtu pale Igoma alikuwa anauza kitu. Yeye aliuza dakika.

Wateja wake walikuwa na madhehebu mawili. Nkwabi, fundi breki, kabla ya mbio alikaa kwenye ukurasa wa matengenezo kama anayesoma Biblia: springi, matairi, gia, breki. Masele, muuza spea, hakutaka tabu hiyo. Aliwasha msaada wa gemu, gari likajishikia breki lenyewe kwenye kona.

"Wewe huendeshi, unabebwa kama mgonjwa," Nkwabi alimwambia.

"Na bado nakushinda, fundi."

Aliyembeba alikuwa Luhaga, mume wa Teodora, aliyekufa mwaka uliopita akiendesha lori la Mzee Chenge kwenye mteremko wa barabara ya Musoma. Mtu akiwasha msaada, Luhaga huingia, huketi juu ya kreti la soda akinuka dizeli, na kuweka kidole gumba chake juu ya kile cha mchezaji. Watu humsalimu.

"Shikamoo, marehemu. Sogea kidogo, unaziba kioo."

Naye husogea. Hata alipokuwa hai hakuwa mbishi.

Kilichomsumbua Teodora ni jina. Binti yao Hellen alikuwa mjamzito, na mtoto akiwa wa kiume ilikuwa haki yake kurithi jina la babu. Lakini polisi waliandika kwamba dereva alisinzia, akafa pamoja na abiria wawili. Ukoo ukasema jina la msinziaji halirithiwi, labda mwenye lori aseme vingine mbele ya watu.

Kwa hiyo Mzee Chenge alipoagiza kwamba Jumamosi atapita kuijaribu hiyo gemu, Teodora aliwaalika wazee wawili wa ukoo waje kunywa soda, akawakalisha benchi la nyuma.

"Niwekee msaada, mama," alisema Chenge. "Mikono yangu mimi ni ya kusaini tu."

Luhaga akaja, akamwamkia bosi wake, akamwendesha vizuri raundi mbili. Ya tatu akamnong'oneza fundi. Nkwabi akafungua ukurasa wa matengenezo, akashusha breki mpaka mwisho, zikawa kama za lori asubuhi ile ya ajali, yeye fundi alipomwambia Chenge lisitoke, na Chenge akamjibu kwamba dereva mzuri ndiye breki.

Gari jekundu la kwenye kioo likawa lori la pamba. Mteremko ukaanza. Luhaga alibonyeza, akabonyeza, macho kayatoa, mpaka kidole kikafuka moshi. Lori likapitiliza kona. Vumbi likatoka kwenye televisheni likatua juu ya kofia ya mzee.

Chenge akajipangusa. "Mmeona? Hata kwenye gemu analala."

"Mzee, alikuwa macho," alisema Teodora. "Kidole chake si hicho hapo, bado kinafuka?"

"Mama, mimi nina huruma naye. Ningekuwa na roho mbaya, ningeleta ng'ombe msibani?"

Wazee wakaafiki kwa vichwa. Yule ng'ombe walimkumbuka. Alikuwa mnono.

Mwezi uliofuata Hellen akajifungua mtoto wa kiume. Ukoo ukampa jina la mwenye ng'ombe.

Luhaga alifika saa tisa, kidole kimefungwa kitambaa, akampakata mjukuu.

"Chenge," akamwita taratibu, bila kukosea.

Barabarani likapita lori jipya la mzee, limejaa pamba. Luhaga akatega sikio.

"Breki za nyuma hazishiki."

"Nimemwambia jana," alisema Nkwabi.

Luhaga akamrudishia Teodora mtoto, akaenda kuketi kwenye kreti lake. Masele alikuwa ameshawasha msaada.