Vumbi Kifuani mwa Kunguru

"Mama Owais, ukimfungulia huyu, tumekwisha." Bramwel alikuwa ameziba mlango wa tundu kwa mwili wake, mkononi bado ameshika kunguru aliyetoka kumnyonga. "Bila chambo hawaingii. Na kuku wako anaangua kesho."

Marziya akajibu, "Kuku wangu namjua mwenyewe. Sogea."

Hakusogea.

Walikuwa juu ya paa la nyumba ya Marziya, mtaa wa Ndia Kuu, Mombasa. Tundu lile la waya walilijenga pamoja, baada ya kunguru wa kijivu kumaliza vifaranga wote wa uzao uliopita. Kila kunguru aliyenaswa alinyongwa, ila mmoja aliachwa hai, na maji na chakula, ili awaite wenzake. Kunyonga ilikuwa kazi ya Bramwel, karani wa bandarini aliyepanga chumba cha chini. Kuchagua chambo ilikuwa kazi ya Marziya.

Asubuhi ile walinaswa wawili. Marziya alimwacha mkubwa. Lakini chambo huyu hakuita hata mara moja, na kunguru wa mtaani walipokuja walimdonoa kupitia waya, kisha wakaenda zao.

"Tazama domo lile, nene," Marziya alisema. "Kunguru wa kijivu ni mwembamba, na kijivu chake hufifia polepole mpaka kikaingia kwenye weusi. Huyu kifua chake kimekatwa wazi kama fulana."

"Kijivu ni kijivu. Au unawatetea kwa kuwa ni wa kwenu, wa Bara Hindi?"

"Wamezaliwa Mombasa, Baba Nekesa, kama mimi. Wewe ndiye basi la kutoka bara lilikushusha Mwembe Tayari."

Bramwel alicheka, akajifuta jasho. Kiganja kikaacha mstari wa kijivu kwenye paji la uso.

Marziya aliutazama mstari ule. Aliujua. Meli za klinka, malighafi ya saruji yenye vumbi jingi, zinapopakuliwa bandarini Kilindini, Bramwel hurudi na rangi ile ile kwenye kola.

"Leo umekwenda kazini?"

"Jumapili? Kufanya nini?"

"Basi vumbi hilo umelitoa wapi?"

Bramwel alitazama kiganja chake, kisha ndege aliyemshika. Kicheko kikamfutika usoni.

Marziya alimpokonya yule mfu, akamtumbukiza kwenye ndoo ya maji, akamsugua kifua kwa kidole gumba. Maji yakawa kijivu. Kifua kikawa cheupe, cheupe kabisa, na ukosi mweupe ukazunguka shingo.

Kunguru wa kifua cheupe. Wale waliokuwapo kisiwani tangu zamani, ambao sasa mtu hukaa miaka bila kuwaona, maana hawa wa kijivu wamewafukuza.

"Walikuja pamoja," Bramwel alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyenyonga."

"Mimi ndiye niliyechagua."

Ndani ya tundu, yule mwingine alisimama kimya, amegeuzia ndoo jicho moja.

"Mama Owais, siku mbili tatu tu, huenda wakaingia kumdonoa. Vifaranga wakishapata nguvu, tutamtoa. Huyu mwenzake hatarudi hata tukifanyaje."

"Sogea, baba."

Safari hii alisogea. Marziya alichomoa kijiti cha komeo, akaufungua mlango wote na kurudi nyuma. Ndege alitoka kwa miguu, akafika ukingoni mwa paa, akaruka kuelekea bandarini.

Marziya alikwenda chini ya tangi la maji, akambeba kuku pamoja na kapu na mayai yake, akateremka naye ngazi hadi jikoni.