Kovu Lililofutwa

Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio, mfagiaji wa uwanja wa ndege humsalimia Mama Mkwe. Ndivyo wafanyakazi walivyoibatiza kamera ya lango lao: hupiti mpaka uisogelee kwa adabu, uso mkavu, bila kucheka. Ikikuridhia, taa ya kijani huwaka.

"Shikamoo, mama mkwe," alisema leo.

Ikawaka nyekundu.

"Kakununia!" mlinzi akamtania. "Umemkosea nini?"

Kabla hajajibu, askari wawili walikwisha kumshika mikono.

Chumbani, afisa kijana alimgeuzia kompyuta. Upande mmoja ilikuwa picha yake ya kazini. Upande wa pili, mwanamke anayetafutwa na polisi wa nchi za mbali kwa kuiba watoto. Usiku uliopita nyuso za wafanyakazi wote zililinganishwa na za watu wanaosakwa duniani.

"Mfumo unasema ni wewe. Asilimia tisini na moja."

"Na hizo tisa zilizobaki ni za nani, mwanangu?"

"Usinifanyie mzaha, mama."

"Samahani. Lakini mimi hata pasipoti sina."

"Wote husema hivyo. Jioni unapelekwa makao makuu. Wenye kesi yao wakikutaka, watakuja kukuchukua."

Kukuchukua! Kama mzigo uliosahauliwa. Binti yake mdogo alikuwa kwa jirani, amemwacha usingizini, baada ya kumwahidi jana kwamba atarudi mchana.

Akaitazama tena ile picha yake. Aliipiga kwa mpiga picha wa mtaani, mtu wa roho nzuri, ambaye kwake kumfutia mteja chunusi na makovu ni sehemu ya huduma. "Nimekutoa kama bibi harusi," alimwambia siku ile, naye akafurahi. Kovu la uji wa moto, lililoshuka kutoka sikioni hadi kidevuni, halikuwamo.

"Huyo mwanamke hana kovu," alisema. "Mimi ninalo tangu utotoni. Naomba uone."

Afisa hakubandua macho kwenye kioo. "Kovu mtu hulipata wakati wowote. Wengine hujitia makusudi, wasitambulike."

Yaani mtoto wa kutambaa aliuvuta mwiko wa uji ili aje kuwakimbia polisi ukubwani!

Mlinzi akaitwa. "Unamfahamu huyu?"

Miaka yote ile ya salamu, ya kuazimana mwavuli, ya kupeana pole za misiba. Mlinzi akaviangalia viatu vyake.

"Mimi, bosi, natazama taa tu."

Afisa akachukua kamera ndogo mezani. "Simama ukutani, mama. Tunahitaji picha nyingine za kuwatumia wenzetu."

Tangu asubuhi alikuwa mtu wa samahani na naomba. Sasa alisogea, akaifunika kamera kwa kiganja chake chenye sugu.

"Picha mnazo za kutosha," alisema, kwa sauti iliyomfanya hata mlinzi ainue kichwa. "Sasa niangalieni mimi."