Kiatu cha Verna

Watu wa ofisi ya mauzo walijua kilichowaleta mtoni. Kiti cha mkuu wa mauzo kilikuwa wazi, na majina yalikuwa mawili: Merrill Stokke na Verna Hodge. Bosi wao, Gordon Pruitt, hakumung'unya maneno. Atakayekikosa kiti ataondoka, kwa kuwa nafasi zao za zamani zimefutwa zote mbili. Safari ya boti kwenye mto huu wa West Virginia, wenye maji makali, ingemwonyesha nani ana moyo wa kuongoza.

Verna alikuwa na miaka hamsini na minne. Ndiye aliyemfundisha Merrill kuuza vifaa vya kuezekea, tangu siku ile alipofika hajui hata kupima mwinamo wa paa.

Ukingoni, mwendesha boti, mwanamke mkavu wa maneno aitwaye Teague, aliwavalisha majaketi okozi na helmeti, akawafundisha amri tatu: mbele, nyuma, acha. Kisha akamkamata Merrill kwa mikanda ya mabegani.

"Mtu akianguka karibu nawe, mshike hapa, jitupe nyuma, mvute. Hili halingoji amri. Si yangu wala ya mwingine."

"Amri leo natoa mimi," Gordon alisema.

Teague alimtazama, akautazama na mto. "Haya, toa. Lakini usukani ni wangu."

Saa nne waliingia mahali paitwapo Kinu, kwa jinsi maji yake yanavyotwanga. Boti la mpira lilipanda jiwe, likainama upande mmoja, na Verna akatoka kama mbegu inavyochomoka kwenye tunda. Aliibuka pale pale ubavuni mwa Merrill. Mkono wake ulidaka kamba ya pembeni.

"Mbele!" Gordon alipiga kelele. "Wote mbele!"

"Mvute!" Teague naye alipaza sauti kutoka nyuma.

Merrill aliuona ule mkono vizuri. Aliziona hata kucha, zimepakwa rangi ya zambarau kwa ajili ya safari. Akapiga kasia. Alipiga mara tatu, kwa nguvu, akihesabu, na alipotazama tena palikuwa na kamba tu.

Verna alipita Kinu chote peke yake. Walimkuta chini, amekumbatia mwamba, mdomo umepasuka, anatapika maji.

"Samaki wetu huyo!" Gordon alicheka. "Vipi mama, umekutana na wavuvi wangapi huko?"

Wengine wakacheka pia. Merrill akacheka.

Wakati wa chakula cha mchana Gordon aliulizia mila ya watu wa mto ambayo aliwahi kuisikia: aliyeanguka hunywa bia kwenye kiatu chake mwenyewe. Teague alisema mila ni ya kutaniana, si ya kulazimishana. Gordon alikuwa tayari amekishika kiatu. Verna akanywa, matope na yote, na damu ya mdomo wake ikabaki kwenye ukingo wa kiatu.

"Sasa sikilizeni," Gordon alisema, mkate mkononi. "Leo nimejifunza jambo. Nilisema mbele, na mtu mmoja akaenda mbele, hata mwenzake alipokuwa majini ubavuni mwake. Huyo ndiye kiongozi. Hongera, Merrill."

Walipiga makofi. Verna naye alipiga, polepole, kidole kimoja kimefungwa kitambaa.

"Hongera, mdogo wangu," alimwambia.

Alasiri, kwenye poromoko la mwisho, dogo kabisa, Merrill alikaa mbele kabisa kama mkuu. Alikuwa amegeuka kumjibu Gordon utani wakati boti lilipogonga. Maji yalimfunika. Alipoibuka aliona boti, akaona nyuso, na kila uso ulikuwa umemwelekea Gordon.

"Mbele!" Gordon alisema.

Makasia yakazama. Moja likatupwa. Mikono miwili ikamkamata Merrill mabegani, mtu akajitupa nyuma, naye akaangukia ndani ya boti, juu ya kifua cha Verna, akihema kama mbwa.

"Unaona, Verna?" Gordon alisema, wala hakukasirika. "Nimesema mbele. Ndiyo maana nimekukosesha kiti."

"Najua," Verna alisema, akalitafuta kasia lake.

Waliposhuka, watu walianza kuimba: kiatu, kiatu! Merrill akavua chake. Gordon alimpa Verna chupa.

"Mmiminie mkuu wako. Jumatatu hupo tena kazini."

Verna alimimina taratibu, asimwage hata tone. Kile kitambaa kilikuwa kimeanguka majini wakati akimvuta, na sasa Merrill alikiona kidole: ukucha wa zambarau haukuwepo, palibaki nyama nyekundu. Ulikuwa umeng'oka kwenye kamba.

"Kunywa, bosi," Verna alisema. "Watu wanakungoja."

Merrill akakiinua kiatu, akanywa mpaka mwisho. Wote wakashangilia.