Safari Moja Haijafungwa

Dagoretti Corner nzima ilimwita Kiema kwa jina la Florida, naye aliitika. Duka lake la rangi na misumari liliandikwa Florida Hardware kwa herufi za bluu, na kila Desemba, kanisani kwao Riruta, alisimamishwa mbele ya watoto wa shule ya Jumapili awasimulie habari za bustani za michezo za Marekani, magari yanayopanda mlima wa chuma kisha yanashuka watu miguu juu, vichwa chini. Alisimulia vizuri kweli. Alijua foleni ipi huwa ndefu asubuhi na ipi hupungua saa za chakula. Alijua hata kiti gani ukikalia unalowa maji mpaka soksi. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba hakuwahi kufika Florida. Hata mpaka wa Namanga hakuwahi kuvuka.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kiema ilikuwa imefika mwaka wa sita na bado ilikuwa na lami.

Yote aliyoyajua aliyatoa Bembea. Bembea lilikuwa jukwaa la mtandaoni, lililoanzishwa mwaka 1999 na Nzembi, karani wa serikali aliyependa kupanda vitu vinavyozunguka kuliko alivyopenda kupandishwa cheo. Humo walikutana Wakenya wa nyumbani na wa ng'ambo ambao likizo kwao ni kwenda kwenye bustani ya michezo, kupiga kelele siku nzima, kisha kuja kuwasimulia wenzao. Sheria ilikuwa moja: anayeaga arudi kusimulia. Ulifungua mada ya safari yako, wenzako wakakushauri, na uliporudi ukajibu maswali matano. Hapo Nzembi aliandika "Safari imefungwa," na mambo yakaisha.

Jumatatu ya mwisho ya Septemba 2009, Nzembi aliandika hivi: "Jamani, kampuni inayotutunzia tovuti inaacha kazi hiyo. Ijumaa saa kumi na mbili jioni Bembea inazimika. Sitaki matanga. Nataka tuiache nyumba ikiwa imefagiliwa. Miaka kumi, safari mia nne na kumi na mbili, na zote zimefungwa isipokuwa moja. Kiema wa Riruta, ulituaga Julai 2003, tukakushauri kurasa kumi na saba. Kama ulikufa, Mungu akulaze pema. Kama uko hai, kuja ufunge mlango, kunaingia baridi."

Kiema aliyasoma maneno hayo kwenye saiba, chumba cha mtandao cha kulipia, iliyokuwa karibu na duka lake, akahisi masikio yanawaka. Kwa miaka sita alikuwa akiingia Bembea kusoma na kutoka bila kuandika neno. Kanisani angeweza kudanganya, maana pale hakuna aliyefika. Bembea kulikuwa na waliofika, nao wangemnasa kwa swali la kwanza. Lakini kusema kweli si woga tu uliomfunga mdomo. Aliwaonea haya. Nyakio wa Toronto, ambaye hawakuwahi kuonana, alikuwa amemchorea ramani ya bustani kwa mkono, na kila choo akakiwekea alama nyekundu.

Siku nne alizunguka na jambo hilo. Alhamisi alitenga mkebe wa rangi nyeupe wa kufutia jina la duka, akauweka mahali atakapouona. Alikuwa ameamua. Angesema ukweli Bembea kabla haijazimika, na Jumapili angemwambia mchungaji. Kuhusu mkewe Kasyoka hakuwa ameamua, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Ukweli huo ungemgharimu jina mtaani, sawa, jina hurudi. Imani ya Kasyoka ikishavunjika, hakujua fundi wa kuiunga.

Kosa lenyewe lilianza na ibada. Mwaka ule binamu yake Dan, aliyekuwa akiishi Florida, alimwalika kwa wiki mbili. Mahojiano ya viza yalipangwa Jumanne, lakini kwaya na mchungaji walipatikana Jumapili iliyotangulia tu. Basi wakamuaga kabla. Waliimba, wakamwekea mikono kichwani, wakapika mbuzi wawili, na mzee mmoja wa kanisa akasema Mungu akishaombwa, viza ni karatasi tu. Wewe mtu wa kwetu unajua. Ukishaagwa umeagwa, na mbuzi hafufuki. Jumanne dirishani Kiema alinyimwa ile karatasi. Alirudi nyumbani akakuta wamama wanne wanamkunjia nguo, akashindwa kusema.

Alhamisi magari matatu yalimsindikiza uwanja wa ndege. Aliingia mlango wa wasafiri akipunga mkono, akajibanza nyuma ya nguzo na sanduku lake kwa saa nzima mpaka kwaya ilipokwenda zake, kisha akapanda basi la kurudi mjini. Akaenda Ngara kwa rafiki yake Mutiso, akafichwa huko siku kumi na nne. Mchana alikaa kwenye saiba akisoma Bembea kama mtoto anayekariri kwa mtihani. Siku ya kurudi alipita kwa wauza mitumba, akapata fulana tatu na kofia mbili zilizoandikwa Florida. Ngara hukosi kitu.

Ijumaa ilipofika, alifunga duka saa tisa. Jamleck, jirani yake muuza viatu, akamrukia.

"Florida, niaje? Unafunga mapema hivi, ama unarudi majuu?"

"Naenda kuaga watu wangu," Kiema akasema.

"Wako wapi hao?"

"Kila mahali, bro. Acha nisichelewe."

Ndani ya Bembea kulikuwa kama uwanja wa harusi saa za picha. Kila mtu alikuwa akisukumana kusema neno la mwisho. Mmoja aliandika kutoka Dubai kwamba mtoto wake wa kwanza alipatikana kwa sababu ya Bembea, maana mama wa mtoto huyo alikutana naye humu wakibishana kuhusu magari ya kugongana. Cate wa Kitengela aliaga kwa kukiri kwamba hutapika kwenye kila mchezo na hajawahi kusema. Nyakio wa Toronto aliandika, "Mmenifundisha kwamba mtu anaweza kuwa na kijiji bila shamba." Kiema alisoma hilo mara mbili, machozi yakamjia, akayafuta kwa mkono wenye harufu ya tapentaini. Hakuwa amejua kwamba atawakosa kiasi kile watu ambao hawajui hata sura yake.

Akafungua mada yake, akakunja mikono ya shati. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaanza kuandika kwa vidole viwili.

"Mimi Kiema. Niko hai. Florida sikwenda. Nilinyimwa viza Jumanne na nilikuwa nimeshaagwa Jumapili. Nilikaa siku kumi na nne Ngara kwa rafiki, ghorofani, juu ya duka la mablanketi. Hii ndiyo ripoti ya safari hiyo, kwa maswali yetu matano.

"Foleni ilikuwaje? Ya choo, watu tisa kila asubuhi. Fika kabla ya saa kumi na moja.

"Ulikula nini? Githeri siku kumi na moja. Siku tatu mkate na soda.

"Nini kilikutisha? Siku ya sita nilichungulia dirishani nikamwona shemeji yangu Debra, wa kwaya, chini pale dukani akinunua blanketi. Nililala chini ya meza mpaka aende. Debra akibembeleza bei hamalizi leo. Saa moja na nusu. Hakuna mchezo huko Amerika unaoweza kukutisha hivyo.

"Ungemshauri mwenzako aende? Hapana."

Swali la tano lilikuwa la Nzembi mwenyewe. Alikuwa akisema safari haiishi uwanjani, inaishia jikoni kwako, kwa hiyo kila ripoti ilimalizia na hili: nyumbani ulikuta nini? Wengine walijibu kwa mzaha, kwamba walikuta mbwa amenenepa au jirani amehama. Kiema alitoa vidole juu ya kibodi. Saa ya ukutani ilisema kumi na moja na dakika tano. Angeweza kuliruka, kwani nani angemuuliza tena? Saa moja nyingine na hata swali lenyewe lisingekuwepo.

Hakuliruka.

"Nilikuta mtoto wangu Ndanu amefungwa bandeji mkono mzima. Alikuwa na miaka minne. Siku ya tatu ya safari yangu alijimwagia uji wa moto, akalazwa siku tisa. Mke wangu hakuniambia. Nilikuwa nikipiga simu Jumapili na Jumatano saa saba mchana, kwenye simu ya mwenye nyumba wetu, nikiziba mdomo wa simu kwa leso ili sauti isikike ya mbali. Yeye alikuwa akitoka hospitalini, anamwachia Debra mtoto, anapanda matatu mpaka Riruta kuipokea, ananiambia wako sawa, nifurahie. Halafu anarudi. Hakutaka kuniharibia safari. Na mimi nilikuwa nampigia kutoka Ngara. Hospitali na kibanda changu cha simu ni robo saa kwa miguu. Lile blanketi alilonunua Debra lilikuwa la mtoto wangu."

Akabonyeza kutuma.

Kisha Nyakio wa Toronto akajibu: "Miaka sita nimekuwa nikidhani ramani yangu ndiyo iliyokupoteza. Asante kurudi, ndugu yangu." Cate akaandika, "Pole sana. Na mimi ningelala chini ya hiyo meza." Wakaja wengine wanne, mmoja mkali: "Tulikupea wakati wetu bana. Ungesema tu." Kiema akamjibu, "Kweli kabisa. Nisamehe."

Mwishowe akaja Nzembi. "Safari imefungwa. Zote mia nne na kumi na mbili. Lakini Kiema, swali la tano umetujibu sisi. Mwenye jiko amejibiwa?"

Kiema aliangalia saa. Dakika ishirini zilibaki, na alikuwa ametamani sana kukaa mpaka mwisho, aone taa zikizimwa, aseme kwaheri pamoja na wengine. Akaandika, "Bado. Ni leo."

"Basi toka hapa," Nzembi akaandika. "Sisi tutafunga."

Akatoka bila kuaga zaidi ya hapo. Hakusubiri gari, alishika Naivasha Road kwa miguu, akitembea haraka kama mtu anayeogopa kwamba akipunguza mwendo atageuka. Alipoingia nyumbani, Kasyoka alikuwa jikoni akikata sukuma wiki. Ndanu alikuwa bado kanisani kwa mazoezi ya kwaya ya watoto.

"Leo umefunga mapema, Baba Ndanu. Uko mgonjwa?"

"Niko sawa. Mama Ndanu, weka kisu chini. Nataka kukuambia kitu, na usinisaidie kukisema."

Akamwambia yote, akiwa amesimama mlangoni: Jumanne, nguzo ya uwanja wa ndege, leso, githeri, fulana za mitumba. Hakujitetea. Alipofika kwa ile nguzo Kasyoka alicheka kidogo, bila kutaka, mkono mdomoni. Alipofika kwa blanketi hakucheka tena. Alikaa kwenye kigoda akaangalia mboga.

"Ngara wapi?" Kasyoka aliuliza.

"Nyuma ya soko. Jengo la ghorofa tatu."

"Ulikuwa huko hata ile usiku Ndanu alikuwa analia mpaka anashindwa kupumua?"

"Sikujua alikuwa mgonjwa."

"Sijakuuliza kama ulijua."

"Nilikuwa huko," Kiema akasema.

Kasyoka alilia, si kwa sauti, machozi tu yakishuka juu ya sukuma, na Kiema aliposogea alimwinulia kiganja asimkaribie. Alipomaliza alijifuta kwa leso ya kiunoni, akashika kisu, akakata majani yaliyobaki mpaka la mwisho. Uso wake ulikuwa umetulia, na Kiema aliuogopa kuliko machozi.

"Kesho saa mbili duka halifunguliwi," alisema. "Utanipeleka huko Ngara. Utanionyesha huo mlango. Tutatoka hapo kwa miguu mpaka wodi ya watoto, na nitahesabu hatua."

"Kasyoka, nakuomba..."

"Usiniombe msamaha saa hii. Sijajua bado ni mkubwa kiasi gani."

Nje, sauti za watoto zilikuwa zikikaribia kutoka kanisani, na ya Ndanu ilikuwemo.

"Na huyu tumwambie nini?" Kiema aliuliza polepole.

"Anakuja na sisi," Kasyoka akasema, akiinuka kubandika sufuria. "Mkono ni wake."